Picha za Rangi Hazishiki Bawa

Ni miezi mingi sijaandika humu, na wasomaji wangu watatu (mmoja wao ni mama yangu, ambaye husoma kichwa cha makala tu kisha ananipigia simu kuniuliza kama nimekula) wamelalamika. Samahanini. Kazi imekuwa nyingi. Leo hata hivyo nimekasirika kiasi cha kutosha kuandika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Juzi jamaa mmoja ninayemheshimu sana kikazi alinitumia picha. Ni bawa la nyuma la gari, limepakwa rangi na programu ya kompyuta: nyekundu mgongoni, buluu tumboni, na mistari ya hewa inapita juu yake kama nywele zilizochanwa vizuri. Anauza mabawa hayo kwa wenye Subaru. Yametengenezwa maalum, anasema, na "yamethibitishwa kwa tarakilishi". Akaniuliza naonaje.

Naona hivi: hakuna kilichothibitishwa hapo. Kilichofanyika ni kwamba programu imemaliza kukokotoa, basi. Sisi waandishi wa programu tunapaswa kuwa watu wa mwisho duniani kuchanganya mambo hayo mawili, maana kila siku tunaandika programu zinazomaliza kukokotoa upuuzi bila kulalamika hata kidogo.

Ninajua ninachosema kwa sababu picha kama hiyo niliwahi kuitengeneza mwenyewe. Na kuna mtu alivunjika mfupa wa bega.

Kisa ni hiki. Binamu yangu ana Subaru Impreza WRX STI, ya buluu, analiosha kuliko anavyooga. Ndani ya familia yetu ugonjwa huu una historia. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka wa 1997, mwaka niliozaliwa, na Richard Burns akashinda na Impreza mwaka wa 2000. Kabla yao Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alikuwa anaendesha Subaru kwenye Safari ile ile, na wazee wetu walikwenda kusimama kando ya barabara kumeza vumbi lake. Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi Naivasha mwaka wa 2021. Kwa hivyo Mkenya akiliona bawa kubwa nyuma ya gari haoni kipande cha faiba (siyo ile ya intaneti). Anaona utoto wake.

Binamu akaona bawa lililokuja na gari kutoka kiwandani halitoshi. Akaliuza. Akaja kwangu akitaka nimsanifie lingine, pana zaidi, kwa sababu mimi "nimesomea kompyuta". Ningemwambia kwamba digrii ya sayansi ya kompyuta haina uhusiano na hewa. Sikumwambia. Nilikuwa nimepakua OpenFOAM, programu ya wazi ya kuiga mwendo wa hewa na maji ambayo imekuwa bure kwa umma tangu 2004, na nilikuwa natafuta kitu cha kuijaribia.

Nikachora bawa la upana wa mita 1.3 na kina cha sentimita 25. Nikalielekeza pembe ya digrii 12. Nikaigawanya hewa kuizunguka vijichumba milioni mbili, nikaiacha kompyuta ikinguruma usiku kucha. Asubuhi hesabu ilikuwa imetulia, makosa yameshuka, na ile picha ikatokea. Nyekundu na buluu. Lo! Nilijiona kama mhandisi wa Porsche.

Tarakilishi ikasema: kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, bawa litakandamiza nyuma ya gari kwa uzito wa kilo 24.6. Ona hiyo nukta sita. Nukta moja tu baada ya nambari inatosha kumfanya mtu aamini chochote.

Kosa la kwanza ni dogo, na linanichekesha hadi leo. Programu ilikuwa na uzito wa hewa wa usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo, nami niliuacha hivyo hivyo. Sisi tuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa karibu kilo 1.0 tu. Nguvu ya bawa hufuata uzito wa hewa moja kwa moja. Kwa hiyo zile kilo 24.6 papo hapo zikawa 20. Bawa lile lile, pembe ile ile, likishuka Mombasa linafanya kazi zaidi kuliko likiwa Ngong Road. Ni nani kati ya wanaouza mabawa haya amewahi kukuambia hivyo?

Tuseme basi ni kilo 20 kwa mwendo wa 110. Hizo ni pakiti kumi za unga wa ugali, juu ya gari lenye uzito wa kilo 1,400 na ushei. Si haba, na ukweli ni kwamba mkandamizo wa hewa ni bora kuliko pakiti zenyewe, maana unaongeza mshiko wa tairi bila kuongeza mzigo wa kukata kona nao. Lakini nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mwendo. Ukipunguza hadi 50, mwendo wa mjini, zile pakiti kumi zinabaki mbili. Kwenye msongamano wa Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni ni pakiti sifuri, na bawa limebaki kuwa kiti cha kunguru.

Chukua hata bawa la kweli kabisa. Porsche 911 GT3 RS iliyotoka mwaka wa 2022, kwa takwimu za kiwanda chenyewe, inakandamizwa kilo 409 kwa mwendo wa 200, na kilo 860 kwa mwendo wa 285. Gari lote hilo, si bawa peke yake: kuna vipande vya mbele vinavyojisogeza, kuna sakafu, kuna matundu ya kutolea hewa. Sasa zirudishe zile 409 kwa hesabu ya mraba hadi 50 kwa saa. Unapata kilo 26 hivi. Mtoto wa darasa la pili.

Najua hapo kuna msomaji anayepiga makofi, akisema ndiyo hayo, spoila ni mapambo ya vijana wasio na kazi. Tulia, ndugu yangu, wewe pia nimekuja kukugombeza. Bawa lingekuwa pambo nisingeandika makala haya. Mtu akitaka kubandika pambo kwenye gari lake, shauri yake. Tatizo ni kwamba bawa linafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi ukikiharibu kinaharibika kwa nguvu zile zile.

Audi walijifunza hilo kwa uchungu. Gari lao la TT lilipotoka mwaka wa 1998 lilikuwa na mgongo wa mviringo, laini kama yai, bila spoila yoyote nyuma. Wajerumani wakalipeleka kwenye barabara zao kuu zisizo na kikomo, na nyuma ikawa inapoteza mshiko kwa mwendo wa kasi. Watu walikufa. Kampuni ikaita magari hayo, ikabadilisha mambo kwenye springi, ikaongeza mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza, na ikabandika spoila ndogo nyuma. Ndogo kweli, kama ukingo wa sinia. Hao ni watu wenye mahandaki ya upepo, wahandisi na viwanja vyao vya majaribio. Sasa wewe una faiba, dawa ya kugandisha, na picha ya rangi mbili.

Turudi kwa binamu. Nilipeleka michoro kwa fundi mmoja wa Grogan, mzee mtulivu ambaye amekuwa akinyoosha mabodi tangu kabla sijazaliwa. Akatengeneza kalibu, akamimina, akapiga msasa, kazi safi. Siku ya kufunga akagonga buti ya gari kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe.

"Kijana, hii buti ni bati tu," akaniambia. "Hili bawa lako litatetemeka. Bati likitetemeka kila siku linakatika, kama waya ukiukunja na kuukunjua. Tuweke bati lingine ndani, na tushushe miguu mpaka kwenye fremu."

"Mzee, nimepiga hesabu," nikamjibu. "Kwa 160 ni kilo 42 tu. Hizo bolti nne zinabeba mara kumi."

Akaniangalia. "Sawa, mwalimu," akasema, akafunga bolti.

Neno hilo "mwalimu" bado linaniuma. Hesabu yangu kuhusu bolti ilikuwa sahihi. Bolti hazikukatika. Tulizikuta zote nne zimefungwa barabara, zikiwa bado zimeshikilia vipande vinne vya bati vyenye ukubwa wa chapati ndogo.

Ilitokea Jumapili asubuhi, baada ya wiki kumi na moja, kwenye barabara ya mchepuko, kwa mwendo ambao binamu hapendi niutaje. Alisikia mlio kama wa mlango kubamizwa. Kwenye kioo akaona bawa liko hewani linageuka polepole. Lilianguka njia ya kushoto mbele ya kijana wa bodaboda, ambaye alikata, akateleza, akaanguka. Mfupa wa bega. Miezi miwili bila kazi, na ana watoto. Tulilipa hospitali na tukalipa hiyo miezi miwili, na hata hivyo nikikutana naye huwa siangalii lile bega.

Kwa nini lilitetemeka? Hapa ndipo kiini cha ugomvi wangu na huyu jamaa wa picha. Nililiiga bawa likiwa peke yake. Peke yake kabisa, linaelea ndani ya upepo mnyoofu kama puto. Kuliweka gari zima mle ndani kungehitaji vijichumba vingi mno, na kompyuta yangu ingekata roho, kwa hiyo nikajiambia gari halina neno. Lakini bawa la nyuma la saluni haliishi kwenye upepo mnyoofu. Linaishi nyuma ya paa. Hewa ikifika mwisho wa paa huinama kufuata kioo cha nyuma, inashuka, kwa hivyo sehemu ya katikati ya bawa inakutana na hewa inayoteremka ilhali ncha mbili za pembeni, zilizotokeza nje ya kivuli cha paa, zinakutana na hewa iliyonyooka zaidi. Bawa lililopandishwa digrii 12, likipigwa na hewa inayoteremka digrii kadhaa, ni kama limepandishwa zaidi ya hapo. Hewa haiwezi tena kulifuata. Inabanduka tumboni mwa bawa, mkandamizo unapungua, ukinzani unaongezeka, na hewa iliyobanduka haibanduki kwa adabu: inapigapiga. Hiyo ndiyo mitetemo ya fundi. Ndiyo sababu baadhi ya mabawa ya mashindano hupindwa, katikati pembe ndogo na pembeni pembe kubwa. Si urembo.

Na kama paa lingekuwa refu zaidi au bawa lingekuwa chini zaidi, lingekaa ndani ya hewa iliyovurugika kabisa na lisingefanya lolote. Nimeyaona mengi ya aina hiyo mjini. Hayo angalau hayana madhara.

Kwa lugha yetu ya kazini: niliandika jaribio la kipande kimoja, likapita, nikapeleka mfumo kwa wateja. Ni sawa na kujaribu sehemu ya kuhesabu ada ya malipo ukiwa mezani kwako, kisha usijaribu hata mara moja ikiwa imeunganishwa na seva, simu na mtandao unaokatika. Tungemfukuza kazi mtu wa namna hiyo. Mimi nilipongezwa, kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Lipo na jambo la matairi ya mbele, ambalo wauzaji hawaligusi kamwe. Bawa likikaa karibu mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma linafanya kazi kama mzani wa sokoni. Kwenye gari ambalo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita mbili na nusu hivi, ukikandamiza kilo 20 kule nyuma, zile za mbele zinainuliwa kilo saba au nane. Ukinzani wa bawa nao unalivuta gari nyuma kutoka juu, na hiyo inaongeza kuinua mbele. Matairi ya mbele ndiyo yanayopinda kona na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki. Umenunua mshiko wa nyuma kwa kuuza usukani. Wanaoshindana hulipa deni hilo kwa kuweka mdomo wa mbele unaokandamiza upande wa pili, na hupima. Sisi tunaweka nyuma tu, maana nyuma ndiko watu wanakoangalia tukiwapita.

Mtu ataniambia teknolojia hii bado changa kwetu, tupewe nafasi tujifunze. Nakubali, lakini masomo yenyewe yalishalipiwa zamani. Mwaka wa 1969, kwenye Grand Prix ya Uhispania mjini Barcelona, mbio za Montjuïc, timu ya Lotus ilikuwa na mabawa marefu yaliyosimama juu ya vijiti vyembamba. Bawa la Graham Hill lilivunjika, akagonga ukuta wa chuma. Mizunguko michache baadaye bawa la mwenzake Jochen Rindt likavunjika mahali pale pale, akaligonga gari la Hill na kuumia usoni. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Waliokosea hapo walikuwa mabingwa wa dunia. Mabawa yao yalikandamiza vizuri kabisa. Kilichokosekana ni kitu cha kuyashikilia.

Basi huyu jamaa nimemjibu nini? Nimemwambia aanze na nyuzi. Ndiyo, nyuzi za sufu za dukani, zilizokatwa urefu wa kidole na kubandikwa kwa selotepu tumboni mwa bawa, kisha simu ifungwe juu ya buti ikirekodi. Nyuzi zikilala zimenyooka, hewa imeshika. Zikirukaruka au zikielekea mbele, hewa imebanduka. Tulifanya hivyo na bawa la pili kutoka kalibu ile ile, kwa mwendo wa 60 tu, ndani ya kiwanja cha lami kisicho na mtu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Pembeni nyuzi zililala kama mkeka. Katikati zilikuwa zinacheza disko. Dakika kumi, uzi wa shilingi mia mbili, na nilipata jibu ambalo vijichumba milioni mbili havikunipa, kwa sababu vijichumba vilijibu swali nililowauliza na nyuzi zilijibu swali lililokuwepo.

Nimemwambia pia apakie mifuko ya mchanga juu ya bawa likiwa limefungwa garini, mara mbili au tatu ya uzito anaoutarajia, alitikise, kisha afungue buti aangalie bati ndani kwa tochi. Na akiuza, aandike: limejaribiwa kwa uzito huu, kwenye gari hili, kwa vishikilio hivi, usizidi mwendo huu. Mistari minne. Gunia la saruji linaandikwa uzito wake, dawa ya mbu inaandikwa tarehe ya kuharibika, lakini kitu kitakachopaa barabarani nyuma yako kinauzwa kwa picha.

Amenijibu kwamba nina wivu wa kibiashara.

Programu za kuiga hewa bado ninazitumia, na bado nazipenda. Zinanisaidia kujua ni wapi pa kubandika nyuzi. Sasa naliweka hata gari mle ndani, nusu yake, likatwe katikati kwa urefu ili kompyuta iweze, na nimebadilisha uzito wa hewa.

Bawa la binamu sasa limeshikiliwa na bati la ndani na miguu inayoshuka hadi kwenye fremu, pembe digrii nne badala ya 12. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi fundi. Hakusema "nilikwambia". Aliniuliza tu kama yule kijana wa bodaboda amepona, kisha akanipa msasa nimsaidie bampa la mtu mwingine wakati akinywa chai.